Reale ya Mizinga

Bibi alipofariki
hatukugombea haki,
nikapata changu, baki:
reale moja kashani.

Fedha yake imelika,
maandishi yafutika,
mizinga imesimika,
yote miwili, kandoni.

Aliileta Basili,
Mhispania wa meli,
aliyeshushwa dhalili
na homa yake, gatini.

Manowari ya makaa,
mtambo ulikataa,
mwezi mzima 'kakaa
Mkandani, mchangani.

Maawi, babu wa babu,
rubani mwenye adabu,
hakuuliza sababu,
alimlaza darini.

Uji, ndimu na shubiri
akanywa, hakughairi,
akaanza kufasiri
umri wa baharini.

Kwa Kiarabu kibovu
na mkono wenye kovu
alieleza kwa nguvu,
jasho latoka shingoni:

"Nilikuwa kijitoto,
nikapewa joho zito,
vifungo kama vya kito,
nikapandishwa melini.

Kadisi mama kalia,
Havana nikaumia,
Manila nikasinzia
zamuni, 'katiwa ndani.

Kalao, pwani ya mbali,
mizinga haikujali:
vidole viwili (ghali!)
vikarukia majini.

Mara tatu nangojea
cheo, kikanipotea,
mara tatu chaelea
kwa jamaa wa fulani.

Niliandika si kitu:
mpwa wa mkubwa wetu
alilaza meli yetu
kweupe, juu funguni.

'Lifute,' walinambia,
'mchanga ulihamia.'
Nikakataa; na njia
ikafungwa mlangoni."

Homa ilipomwachia
bildi akaitupia,
Maawi akimwambia
majina ya mikondoni.

Pima tano, pima sita,
toka Shela wakapita;
Rasi Kitau, wasita:
tatu, au nne chini?

Meli ilipofufuka
joho likamponyoka;
akatoa, akicheka,
reale toka mfukoni.

Maawi kanena: "Ona,
mizinga miwili, bwana!"
Basili: "Hasha, hapana,
ni nguzo za mlangoni.

Wazee walitwambia
huko yaisha dunia,
kisha wakaongezea:
'Kuna zaidi mbeleni.'"

Maawi akaduwaa:
"Zaidi ndipo twakaa!
Babu zangu walizaa
wana, nanyi hamuoni."

Basili akanyamaza,
kofia akailaza
kifuani, akawaza;
akashuka mashuani.

Mwaka wa kumi na moja
waraka wajikongoja,
Adeni ulipongoja,
ukaja hadi Langoni:

"Mimi sasa niko bara,
nachora ramani, sura
za pwani; na mshahara
hautoshi hata kuni.

Wamenipa cheo, mwisho,
bila meli, bila posho,
kofia ya maonesho
ya kwenda nayo shimoni.

Namba moja ni kitanzi,
silali toka majuzi;
Kitau: nijibu wazi,
tatu, au nne chini?"

Maawi, macho ukungu,
kashikwa na bibi yangu,
wakaenda hadi fungu
kupima mle kinani.

Kamba 'kagusa upesi:
pima moja, maji basi!
Mchanga, pasi na kasi,
umehamia njiani.

Bibi kauliza: "Babu,
twampa ipi hesabu?
Ukweli utamsibu,
ni mzee, yu kitini."

Akasema: "Huyo mtu
alinyimwa cheo, watu
wakitaka, kwa wino tu,
aongope ramanini.

Andika: moja na nusu.
Uwongo ndio wa kisu,
na cheo hakiuhusu
mchanga wa baharini."

Jawabu halikurudi.
Labda ni ile baridi,
labda ni ile "zaidi"
iliyomwita mbeleni.

Watoto wangu husema,
"Mizinga!" Nami hukoma,
na kidole nikipima
kina chake mkononi.